Vishale Kwenye Ukuta wa Mama

Kwa miaka yote tuliyoishi nyumba ya kupanga mjini Migori, mume wangu hakuwahi kupigilia msumari hata mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye masikio mepesi, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba ukuta wake usitobolewe. Kalenda tuliitundika kwenye komeo la dirisha. Kioo cha kunyolea kilisimama juu ya friji, na kwa kuwa friji yetu ni fupi, mume wangu alinyoa ndevu kila asubuhi akiwa amepiga magoti nusu, mtu mzima na heshima zake. Picha yetu ya harusi ilikaa chini ya kitanda ikitazamana na mende.

Kwa hiyo tulipohamia nyumba yetu wenyewe, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Isebania, sikushangaa kumwona akizunguka na nyundo. Wanaume wengine wakishajenga hununua mbwa, au geti lenye vichwa vya simba. Wangu alitaka kutoboa. Aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, kisha akatikisa kichwa kwa furaha. Wiki ya kwanza tulipata ndoano ya taulo, ndoano ya funguo, ndoano ya mwavuli, na ndoano moja kwenye ukumbi ambayo hadi leo hakuna anayejua ni ya nini.

Halafu akaleta ubao wa vishale.

Mume wangu ni Mkuria wa Ntimaru, na kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu forodhani pale Isebania. Huko mpakani malori hulala foleni, na watu wanaosubiri malori hujifunza mambo. Yeye alijifunza dati, huo mchezo wa kurusha vishale kwenye ubao wa duara, katika baa moja nyuma ya maegesho, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa hatari. Baa ilipopata mwenyewe mpya, huyo mpya akataka televisheni kubwa mahali pale, na ubao ukakosa kazi. Mume wangu alikuja nao kwenye bodaboda ameukumbatia kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ulikuwa umechakaa, umejaa vishimo, unanuka moshi na bia ya watu nisiowajua.

"Sebuleni," akasema.

"Sebuleni wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ukuta mkubwa, ule nilioupaka rangi ya maziwa kwa mkono wangu mwenyewe baada ya kumfukuza fundi. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nina kibanda sokoni, na mwaka mzima macho yangu yanaona kijani, buluu na maruni. Ule ukuta ulikuwa mapumziko yangu. Nilimwambia kishale kimoja kikiugusa, yeye na ubao wake watatafuta baa ya kuishi. Hatukusemezana hadi chakula cha jioni, na baada ya chakula akasema pengine hata nje ni pazuri.

Ndipo tukafika kwenye stoo. Ni kijumba cha chumba kimoja kilichosimama peke yake kwenye kona ya kiwanja, tulichokijenga mwanzo kabisa ili simiti isinyeshewe na mbao zisitembee. Nyumba ilipokwisha, stoo ikabaki tupu. Mlango wake uko ubavuni, na ukuta wake wa mbele, unaotazama ua, haukuwa na rangi wala plasta, kwa hiyo mimi sikuwa na maneno nao. Mabati yalikuwa yamejitokeza mbele kiasi cha kumkinga mtu mvua. Nilimshikia tepu yangu ya kushonea. Kitovu cha ubao lazima kiwe futi tano na inchi nane kutoka chini, akasema, dunia nzima ni hivyo. Huyu ni mtu niliyemshonea suruali tangu tuoane na bado hajui kiuno chake ni inchi ngapi.

Matofali ya stoo tuliyanunua kwa kufumba macho. Alipotoboa, plagi, kile kiplastiki cha kushikilia skrubu, ilicheza ndani ya tundu kama jino la mtoto. Alipotoboa tena kwa hasira, drili ikapita moja kwa moja hadi ndani. Mtu mwingine angeacha. Yeye akaleta bolti ndefu ya lori, akaipitisha ukuta mzima, akaifunga kwa nati upande wa ndani, na kipande cha urefu wa kidole kikabaki kimechomoza chumbani. Akasema ubao sasa hautoki hata nyumba ianguke. Alichora mstari wa kurushia kwa chokaa, na kuanzia hapo kila jioni, akitoka Isebania, kabla ya kunawa na kabla ya kunisalimia vizuri, alivaa kaptura akasimama pale. Tak, tak, tak. Hivyo ndivyo nilivyojua mume yuko nyumbani.

Wakati huo huo, kule Homa Bay, maji yalikuwa yanapanda.

Mama yangu aliishi ufukweni, kwenye boma alilojengewa na baba. Ziwa lilimjia polepole. Kwanza lilichukua bustani ya sukuma, kisha choo, kisha likaanza kuingia jikoni bila hodi. Jirani akanipigia simu kwamba mama analala darasani, katika shule ya kanisa, pamoja na familia nyingine zilizohama, na kwamba ameambiwa aje kwangu amekataa.

Nilijua atakataa. Kwetu Wajaluo mama wa mke, maro, hali chakula mbele ya mume wa binti yake, hampi mkono, hamkazii macho, na halali chini ya paa lake. Wakuria nao wana miiko yao ya namna hiyo, na ukijumlisha, mume wangu na mama yangu walikuwa wamebebeshwa heshima ya makabila mawili. Tangu tuoane walikuwa hawajaambiana neno. Mama akija Migori alipitia kibandani kwangu, akaniachia samaki, akapanda gari kurudi. Nyumba yangu hakuwahi kuiona. Mama ni Msabato kamili na haamini chira, hilo balaa linalosemekana humpata anayevunja miiko. Atakuambia hivyo mwenyewe. Ila hapendi kulijaribu.

Nilimfuata darasani. Alikuwa ameketi kwenye dawati la mtoto, mfuko magotini, kofia yake ya kanisani juu ya mfuko. Nikafikiri: nimejenga vyumba vitatu na dari, halafu mama yangu analala sakafuni chini ya ubao wa hesabu. Uchungu ulinipanda, nikaanza kufoka mbele ya watu. Yeye akangoja nimalize. Nilipomaliza nikakumbuka stoo.

"Hiyo nyumba ndogo imeshikana na ile kubwa?" akauliza.

"Haijashikana."

"Paa?"

"Paa lake peke yake. Mabati yake peke yake."

"Mlango unatazamana na mlango wa huyo bwana?"

"Uko ubavuni. Unatazama mahindi ya jirani."

Alinihoji kama mtu anayenunua shamba. Mwishowe akakubali kulala kwenye stoo hadi maji yarudi, kwa sharti kwamba kila Jumapili atakwenda kuangalia boma. Nilikubali haraka kabla hajaongeza lingine. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: mama yangu awe mahali pakavu karibu nami, na abaki.

Tulipatana kwamba atakuja Jumapili, na hivyo ndivyo nilivyomwambia mume wangu. Lakini Ijumaa shule ikataka darasa lake, na mama akajiletea mwenyewe hadi kibandani kwangu mchana. Nilimpigia mume wangu simu. Haikuingia, kwa sababu pale mpakani simu yake hushikwa na mtandao wa Tanzania ikasahau kwao. Nikafunga kibanda, nikampeleka mama nyumbani, nikatandika kitanda kwenye stoo, nikafunga neti. Mama akaona bolti imechomoza ukutani. Akaishika, akaitikisa, akaona imara, akatundika kofia yake.

"Fundi wako ana akili," akasema. "Ameweka mahali pa kofia."

Na mimi, mwenye akili zangu timamu, niliyeshika tepu siku ile bolti inaingia, nikasema asante.

Jua lilianza kushuka, Sabato ikawa inaingia. Mama akafunga mlango ili aombe. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali niliposikia geti, kisha kimya cha mtu anayebadilisha nguo kwenye veranda, kisha tak.

Kishale cha kwanza kilipogonga, mama alinieleza baadaye, alikuwa amefumba macho katikati ya sala, na kofia ikaruka. Cha pili kofia ikayumba. Cha tatu ikaanguka juu ya Biblia. Akatoka nje kuona.

Mume wangu alikuwa amerudi kwenye mstari wake na fulana yenye tundu kwapani na kaptura ya mpira, jicho moja amelifumba, mkono ameuinua, na kwenye kona ya stoo, kidogo tu kando ya ubao, akatokea mama mkwe wake. Nilikuwa nimefika mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Sikujua mtu huyu anaweza kukimbia hivyo. Aliruka beseni, akapita kwenye kamba ya nguo akaondoka na shuka yangu begani, akatua nyuma ya tangi la maji. Mama naye aligeukia ukuta akajifunika macho kwa kitambaa cha kichwa. Wakabaki hivyo, mmoja nyuma ya tangi, mwingine anatazama matofali, na mimi katikati na mwiko.

"Ni nani huyo?" mama akaniuliza kwa Kijaluo, ingawa alijua.

"Ni yeye."

"Anadunga nyumba yangu mikuki?"

"Huyo ni mama?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya tangi, kwa Kiswahili. "Si ulisema Jumapili? Niletee long'i."

Nilimpelekea suruali. Akaivaa pale pale nyuma ya tangi, na hakutoka hadi mama aliporudi ndani.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alipanga vitu vyake mfukoni, akaniambia kwa upole kwamba kesho ni Sabato na hasafiri, ila Jumapili asubuhi anarudi kwenye maji yake na harudi tena kwangu. Maji yanaingia ndani, alisema, lakini hayamrushii mtu kitu.  Nilimwona akilala tena kwenye lile darasa kwa sababu ya mchezo wa baa.

Hapo ndipo nilipoajiriwa. Watoto wetu wako shule ya bweni, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kubeba maneno. Mama alisema kwa Kijaluo kupitia dirisha la stoo, mume wangu alijibu kwa Kiswahili kutoka jikoni, na mimi nilitembea katikati nikitafsiri na kupunguza makali.

"Mwambie mama hiyo bodi naitia moto saa hii," akasema mume wangu.

Nikapeleka. Mama akasema asithubutu. Mwanamume akitia moto kitu chake kwa ajili ya mama mkwe, watu watasema mama mkwe ndiye mwenye boma.

"Basi naiacha."

Nikapeleka. Mama akauliza kama basi ataendelea kudungwa akiwa kitandani.

"Sasa anataka nini?"

Hilo sikulipeleka. Nilimwambia mama kwamba mkwe wake anaomba radhi sana, na nilimwambia mume wangu kwamba mama anafikiria.

Mume wangu akampigia simu ami yake kule Ntimaru. Ami alicheka hadi akakohoa, kisha akasema mama mkwe aliyekosewa namna hiyo hutulizwa kwa blanketi, tena zito, wala si haya ya kuonea mwangaza. Likanunuliwa Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa lilinunuliwa Sabato, mama hakuweza kulipokea hadi jua lizame. Lilikaa nami siku nzima kama mgeni. Jioni nikamkabidhi, na mume wangu akaung'oa ubao stooni akautundika kwenye veranda ya nyumba kubwa, ng'ambo ya ua. Bolti akaiacha, kwa sababu ya kofia. Mama akalipapasa blanketi, akauliza kama mkwe wake anadhani Migori kuna barafu, lakini alilitandika.

Jumapili asubuhi alibeba mfuko wake na kila kilichokuwa chake isipokuwa blanketi, akaenda Homa Bay. Siku hiyo nilishona kaptura mifuko ikatazama nje. Jioni nikamwona anaingia getini, pindo la gauni limelowa. Niliwasha jiko ili asione uso wangu.

"Maji yanasemaje?" nikamuuliza.

"Maji ni maji."

Ikawa hivyo. Kila Jumapili aliondoka na mfuko umejaa, kana kwamba harudi. Kila Jumapili jioni alirudi na pindo bichi. Nilipouliza alisema maji ni maji. Sikujua ni Jumapili ipi angeamua kubaki huko, na sikuthubutu kumwambia abaki kwangu, kwa kuwa ukimwambia mama yangu afanye jambo, umelifuta.

Siku za kazi mume wangu alirusha vishale vyake kwenye veranda, sasa akiwa na suruali ndefu na shati lenye kola. Mama aliketi chini ya mabati ya stoo, kiti amekigeuza pembeni, akichambua mboga na kutazama mahindi ya jirani. Kumbe hakuwa akitazama mahindi.

"Mkono wake unalegea mwishoni," akaniambia siku moja.

"Anasemaje?" mume wangu akauliza kutoka ng'ambo.

"Anasema unajitahidi."

Siku nyingine akaniambia nimletee kishale kimoja apime uzito. Nikamletea. Akakigeuza geuza, akasimama. Mama yangu alikulia kwenye mashamba ya mtama, akifukuza ndege kwa mawe tangu asubuhi, na alirusha vile vile: hatua moja mbele, mkono kutoka nyuma ya sikio, na sauti kidogo kutoka kooni. Kishale kilivuka ua wote, kikapita juu ya ubao, juu ya dirisha, kikakwama kwenye mfereji wa maji ya paa. Mume wangu alikuwa amelala chini.

"Mwambie mama asogee karibu," akasema akiwa sakafuni. "Hakuna mtu hurusha kutoka huko."

Lakini kusogea karibu ndiko kulikokuwa shida yenyewe. Tukatafuta njia. Mume wangu akimaliza zamu yake, huchomoa vishale, huviweka kwenye kigoda, huondoka hadi kwenye tangi na kutazama kando. Mama hutoka stooni, huchukua vishale kigodani, husimama kwenye mstari hapo uani, hurusha, hurudi kwake. Halafu mimi naenda kutafuta vilikoangukia. Hawakupeana kitu mkononi, hawakutazamana, hawakukaribiana. Walikuwa kama majirani wanaotumia choo kimoja. Nilipowaangalia niligundua kwamba huo mchezo wa walevi wa Isebania hauvunji mwiko hata mmoja. Watu wawili wanasimama mbalimbali na wote wanatazama ukuta.

Shida ilikuwa kushinda. Mume wangu, ambaye kwa maelezo yake alikuwa hatari, akaanza kukosa. Alikosa ubao, alikosa ukuta, kimoja alikiangusha mguuni pake. Mama akawa anaongoza kila jioni na uso wake unazidi kukunjamana.

"Mwambie huyo bwana," akasema, "kama ananihurumia, njia ya kurudi kwangu naijua."

"Mama anasema ucheze vizuri," nikapeleka.

"Mwambie ni bahati mbaya."

"Mwambie jana nilimwona akicheza peke yake. Bahati hiyo mbaya haikuwapo."

Niliitafsiri hiyo kama ilivyo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimechoka.  Mume wangu akatoka nyuma ya tangi, akakunja mikono ya shati, na akamchapa mama yangu mchezoni kipigo ambacho mimi binti yake kilinitia aibu. Niliogopa kwenda kuangalia stooni. Nilipokwenda, nikakuta amemaliza ugali wote na samaki hadi kichwa, na anauliza kama kesho huyo bwana atachelewa kutoka kazini.

Tangu hapo wakawa maadui wa kweli, na nyumba ikachangamka. Mume wangu alishinda karibu kila siku. Mama alijifunza kuacha ile hatua ya mbele, kisha ile sauti, na vishale vikaanza kukaa ubaoni. Lakini Jumapili alibeba mfuko wake ule ule, na moyo wangu ulifuata gari lake hadi jioni. Nilidhani anakwenda kuangalia sufuria na milango. Nilikasirika kimya kimya kwamba anapenda matope kuliko mimi.

Kisha mvua za masika zikaja kwa upepo. Jioni hiyo walikuwa katikati ya mchezo, na kwa mara ya kwanza mama alikuwa anaongoza bila kuhurumiwa. Zamu ilikuwa yake na vishale tayari alikuwa navyo mkononi iliponyesha mvua ya kuingia veranda nzima. Ubao huo umetengenezwa kwa katani, na katani ikilowa hufura. Mama akakimbilia chini ya mabati ya stoo. Mume wangu akaung'oa ubao akauingiza ndani.

Nilikuwa jikoni nikichemsha maziwa, maana mama, kwa Usabato wake, hanywi chai. Nikasikia drili. Ilisikika kutoka sebuleni, tena kutoka upande wa ukuta wangu. Nilitoka na sinia mkononi, mdomo nimeshaufungua, na maneno yote nikiwa nayo tayari.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama alikuwa anavuka ua na beseni kichwani, hatembei kama mtu wa umri wake. Alifika kwenye ngazi, akalitua beseni, akafuta mguu mmoja kwenye zulia, akafuta wa pili. Akaingia. Hakutazama dari wala makochi. Alitafuta mahali ambapo mstari ungekuwa, akakadiria kwa macho, akasimama. Nikafunga mdomo.

Mume wangu alikuwa amempa mgongo, ubao ameshautundika, akipuliza vumbi la plasta. Alipogeuka alimwona. Sebuleni kwangu hakuna tangi. Alijibana ukutani papo hapo, kando ya ubao, akageuza uso, na akawa amekaa pale pale ambapo kishale cha mama yangu kingeweza kumpata. Mama akaniangalia mimi, nimwambie.  Mimi nilikuwa bado natazama miguu yake juu ya sakafu yangu.

Ndipo mama akafungua mdomo mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kuuzia omena.

"Wewe, toka hapo. Ni yangu saa hii."

Mume wangu akatoka. Alikwenda hadi mwisho wa kochi, akasimama akitazama pazia. Mama akainua mkono. Hakurusha. Alikaa hivyo, macho kwenye ubao.

"Maji imefika kwa mzee," akasema.

Mzee ni baba. Tulimzika bomani, kando ya nyumba, chini kidogo kuelekea ziwani kwa sababu alipenda upande huo.

"Ile Jumapili ingine simiti ilikuwa inaonekana kidogo, hiyo pande ya kichwa. Saa hii ni maji tupu. Mimi naenda nasimama hapo, sijui kama nasimama kwa mguu yake ama wapi."

Nilikuwa nimemuuliza kila Jumapili. Mimi ni binti yake, ninafahamu lugha yake, na aliniambia maji ni maji. Sasa alikuwa anamwambia mtu ambaye hawezi kumtazama usoni, na yeye mwenyewe anatazama ubao, na nadhani kwa sababu hiyo aliweza. Nilimwonea mume wangu wivu. Nilisikia aibu kwa wivu wenyewe, na nilimlilia baba moyoni, vyote kwa pamoja.

Mume wangu hakunitafuta nimtafsirie. Uso aliuacha kwenye pazia.

"Mama," akasema, "Jumapili twende. Nitabeba kamba na miti mirefu. Tupime kutoka kwa nyumba, tujue mahali mzee amelala, tusimamishe alama. Hata maji ikipanda, utaona."

Mama hakushusha mkono.

"Gari mbili," akasema.

"Mbili, mama."

"Wewe ile ya nyuma."

"Mimi ya nyuma."

Ndipo akarusha. Niliweka sinia chini nikalia, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu mmoja alikuwa anatazama ubao na mwingine pazia.